Madeni, matone au bembea: maada ya giza ilizaliwaje, na uchague ipi kwa mradi wako

Jumamosi iliyopita binti mmoja wa mwaka wa nne alinikuta Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nimekaa chini ya mti na kikombe cha chai. Akanisalimu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye haja yake: "Mwalimu, mradi wangu nataka uhusu jinsi maada ya giza ilivyozaliwa. Nimesoma njia tatu, zote zinanivutia. Nishike ipi?" Nilimwahidi jibu la maandishi, maana najua hayuko peke yake. Kila mwaka kuna vijana wawili watatu wanaofika kwenye njia panda hiyo hiyo, na wengi huchagua kwa jina lililowapendeza. Basi nawalinganishia.

Kwanza tuweke chini lililo hakika. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma, akakuta zinakwenda kasi kuliko uzito unaoonekana ungeweza kuzizuia. Zilipaswa kuwa zimeshatawanyika zamani. Miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakapima galaksi moja moja, wakianza na Andromeda, wakaona kwamba sehemu za pembezoni zinazunguka kwa kasi karibu sawa na za ndani, ilhali zilipaswa kwenda polepole. Kuna uzito usioonekana unaozishika, na huo ndio tunaouita maada ya giza. Baadaye setilaiti ya Planck ikasoma mwanga mkongwe kuliko wote na kutupa kiasi: maada ya giza ni zaidi kidogo ya mara tano ya maada ya kawaida. Katika hesabu za fani wingi wa maada ya giza peke yake huandikwa 0.12, kwa kipimo maalumu cha fani. Ikariri namba hiyo, kwa sababu kila njia nitakayoieleza inahukumiwa kwayo.

La pili ni kwamba historia ya ulimwengu tunayoweza kuithibitisha inaanzia kama sekunde moja baada ya mlipuko mkuu, nyakati ambazo viini vyepesi kama vya heliamu vilikuwa karibu kuanza kuundwa. Njia zote tatu zinatokea kabla ya sekunde hiyo. Kwa hiyo unapochagua mojawapo, unachagua pia uko tayari kuamini nini kuhusu kipindi ambacho hakuna aliyekipima. Mimi mizani yangu naiweka hapo.

Njia ya madeni

Fikiria soko la Gikomba alfajiri, wadai na wadeni wamesongamana bega kwa bega. Kila mdai akikutana na mdeni wake, deni linafutwa. Biashara ikiwa moto, madeni mapya yanaandikwa kwa kasi ile ile ya yanayofutwa, kwa hiyo jumla haibadiliki sana. Jua likianza kushuka, hakuna tena anayekopesha. Sasa yanafutwa tu. Lakini watu nao wanatawanyika, huyu Muthurwa, yule Eastleigh, mwingine ameshapanda gari la Machakos. Inafika saa ambayo mdai hampati tena mdeni wake hata akimtafuta usiku kucha. Madeni yaliyosalia saa hiyo yanasalia milele.

Hiyo ndiyo hadithi ya chembe zinazojulikana kwa herufi WIMP: nzito, zenye mwingiliano hafifu na maada yetu. Ulimwengu ulipokuwa na joto la kutosha, migongano ya chembe za kawaida ilizizaa jozi kwa jozi, na jozi zilipokutana zilifutana na kurudi kuwa chembe za kawaida. Ulimwengu ulipopoa, nishati ya kuzaa mpya ikaisha. Ulipotanuka, zilizobaki zikakosa za kufutana nazo. Kwa chembe yenye uzito wa protoni 100, kukosana huko kunatokea joto likiwa limeshuka hadi kama sehemu moja ya ishirini ya nishati ya uzito wake, muda wa takriban sehemu moja ya milioni mia ya sekunde tangu mwanzo.

Angalia kinachofuata hapo, maana ndiyo alama ya njia hii: mwingiliano ukiwa na nguvu zaidi, chembe zinazobaki ni chache zaidi. Wadai wakali huacha madeni machache.

Mwaka 1977 Benjamin Lee na Steven Weinberg walifanya hesabu hii kwa chembe mfano wa nyutrino (chembe isiyo na chaji na isiyogusa maada kwa urahisi) lakini nzito, inayotumia kani dhaifu, ile kani inayofanya baadhi ya viini vioze, wakakuta kwamba ni lazima iwe na uzito wa kama protoni mbili au zaidi, la sivyo masalio yake yangezidi yale ambayo ulimwengu unaweza kubeba. Lee alifariki katika ajali ya barabarani Juni mwaka huo, makala yenyewe ikiwa bado haijatoka. Kila ninapofundisha somo hili namtaja, kwa kuwa vijana wengi wanaitumia hesabu yake bila kumjua. Kwa upande wa juu, mwaka 1990 Kim Griest na Marc Kamionkowski walionyesha kwamba chembe iliyozaliwa kwa njia hii haiwezi kuzidi protoni laki chache, kwa sababu juu ya hapo sheria za kwanta zenyewe haziruhusu kufutana kwa kasi inayotosha. Njia ya madeni, basi, imezungushiwa ua chini na juu, na mimi naipenda kwa hilo.

Kuna kivutio kingine kilichowashika watafiti kwa miongo. Ukichukua chembe yenye uzito na nguvu za kiwango cha kani dhaifu, kani ambayo ilijulikana kwa sababu nyingine kabisa, kiasi kinachosalia kinaangukia jirani na 0.12. Wengi waliona kama muujiza. Mimi nauita sadfa yenye heshima: inastahili kufuatiliwa kwa bidii, lakini haijathibitisha lolote.

Fadhila yake kubwa kwangu, hata hivyo, ni usahaulifu. Soko likiwa limechangamka, huwezi kujua nani aliingia na madeni mangapi asubuhi. Msongamano umefuta kumbukumbu yote. Vivyo hivyo chembe hizi: zikishafikia usawa na joto la ulimwengu, hesabu haijali zilianza nyingi au chache. Huhitaji kudai lolote kuhusu kilichotangulia usawa huo. Katika zile njia nyingine mbili hutapata nafuu hiyo.

Nini kitaiangusha? Vipo vitu vingi, na vinafanya kazi sasa. Nchini Marekani, katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa South Dakota, kama kilomita moja na nusu chini ya ardhi, kigunduzi cha LZ kinatumia tani 10 za zenoni, gesi adimu iliyopozwa ikawa kimiminika, kusubiri chembe moja igonge kiini kimoja. XENONnT inafanya kazi hiyo hiyo chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia. Na usidhani jambo hili ni la mbali na sisi: darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zinatazama kitovu cha galaksi yetu zikitafuta miale ya gama ambayo madeni yanayofutwa hadi leo yangeitoa. Ili uelewe wanatafuta nini, chukua jerikani tupu la lita 20. Kama chembe hizi zina uzito wa protoni 100, ndani ya jerikani hilo zimo kama 60 saa hii, zikipita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, na hakuna hata moja iliyogusa plastiki.

Mpaka sasa hakuna kigunduzi kilichoiona kwa uhakika. Njia haijafa, ila uwanja wake unapungua kila mwaka, na vigunduzi vimekuwa vikali kiasi kwamba mwaka 2024 XENONnT na PandaX-4T ya China zilitangaza dalili za nyutrino za Jua ndani ya zenoni yao. Kuanzia hapo, kutafuta chembe ya giza ni kutafuta sauti moja kwenye chumba ambacho watu wengine wameanza kuzungumza.

Njia ya matone

Sasa hama sokoni, rudi nyumbani siku ya mgao wa maji. Umeweka mtungi mtupu chini ya mfereji, na mfereji unadondoka tone moja moja. Ukiamka asubuhi unakuta kiasi fulani, kisha maji yanakatika. Mtungi haukujaa hata mara moja, wala maji hayakurudi kwenye bomba.

Hii ndiyo njia iliyopewa jina na umbo lake la sasa na Lawrence Hall, Karsten Jedamzik, John March-Russell na Stephen West mwaka 2009, ingawa wazo lenyewe lilikuwa limeguswa kabla yao. Chembe zake huitwa FIMP. Mwingiliano wake na maada ya kawaida ni mdogo ajabu, kwa mfano namba ya daraja la moja kwa trilioni, kiasi kwamba hazikuwahi kufikia usawa na joto la ulimwengu. Chembe za kawaida ziligongana au kuoza, na mara chache sana tukio moja lilidondosha chembe ya giza. Matone mengi zaidi huanguka pale joto linapokaribia uzito wa chembe zinazohusika. Likishuka chini ya hapo mfereji unakatika.

Weka hadithi hii kando ya ile ya kwanza uone zinavyopishana. Hapa mwingiliano ukiwa na nguvu zaidi, chembe zinazobaki ni nyingi zaidi. Mfereji ukilegea, mtungi unapata maji mengi. Ni kinyume kabisa cha madeni, na matokeo ya mwisho yanaweza kuwa 0.12 ile ile.

Nafsi yangu inaipenda kwa unyofu wake, lakini nina malalamiko mawili. La kwanza: inadai mtungi ulikuwa mtupu. Nani aliuona? Kama kuna kitu chochote cha mapema kilichoacha chembe hizo humo, hesabu nzima inabadilika, na hakuna msongamano wa kufuta kumbukumbu hiyo. La pili: kitu kinachotugusa kidogo hivyo ni kigumu kukikamata. Zipo nafasi chache. Kama chembe mzazi inazalika kwenye LHC, mashine ya Geneva ya kugonganisha chembe, inaweza kusafiri sentimita au mita kadhaa kabla ya kuoza, na alama hiyo inaonekana. Kwa baadhi ya chembe nyepesi za kundi hili vipo vigunduzi vya silikoni kama SENSEI, vinavyosubiri elektroni moja moja ing'oke. Nje ya hapo, unaweza kuandika mradi mzuri kuhusu kitu ambacho hakitapimwa katika maisha yako. Jiulize mapema kama moyo wako unaweza kuvumilia hilo.

Njia ya bembea

Hapa lazima niende polepole, maana wanafunzi wengi huirukia kwa kuwa inasikika nzuri, kisha wanakwama wiki ya tatu.

Chanzo chake hakihusu maada ya giza hata kidogo. Nyutroni haina chaji kwa jumla, lakini ndani yake zimo kwaki, chembe ndogo zinazounda protoni na nyutroni, zenye chaji. Sheria za kani kali, ile inayozifunga kwaki pamoja, zinaruhusu nyutroni iwe na upande mmoja chanya zaidi na mwingine hasi zaidi. Wanafizikia wamepima na kupima, hawaoni tofauti yoyote. Katika milinganyo kuna pembe moja ambayo ingeweza kuwa na thamani yoyote, na vipimo vinasema ni ndogo kuliko sehemu moja ya bilioni kumi. Mwaka 1977 Roberto Peccei na Helen Quinn wakapendekeza kwamba pembe hiyo si namba iliyokazwa. Inaweza kusogea, na asili yenyewe inaivuta hadi sifuri. Mwaka uliofuata Weinberg na Frank Wilczek, kila mmoja kwa upande wake, wakaona kwamba kitu kinachosogea hivyo lazima kiwe na chembe yake. Wilczek akaipa jina la sabuni ya kufulia, kwa kuwa ilisafisha doa: aksioni.

Basi, bembea. Mtoto ameivuta bembea hadi pembe fulani, lakini imezama kwenye uji mzito, haiwezi kusogea. Uji huo ni kutanuka kwa ulimwengu, ambako mwanzoni kulikuwa kwa kasi mno. Uji unapozidi kuwa mwepesi, inafika wakati uzito wa bembea unaushinda, nayo inaachia na kuanza kwenda na kurudi. Kwa aksioni hilo hutokea joto la ulimwengu likiwa karibu na kiwango ambacho kani kali inaanza kuzifunga kwaki ndani ya protoni. Nishati ya kubembea huko ndiyo maada ya giza. Mwaka 1983 vikundi vitatu vilifikia matokeo hayo karibu kwa pamoja.

Uzuri wake ni huu: chembe nyepesi kwa kawaida hutoka kwenye joto zikikimbia, na zinazokimbia haziwezi kujenga galaksi. Nyutrino za kawaida zilishindwa mtihani huo. Aksioni haikutoka kwenye joto, ilizaliwa imetulia. Kwa hiyo inaweza kuwa nyepesi mabilioni kwa mabilioni ya mara kuliko protoni na bado ikajikusanya vizuri. Rudi kwenye jerikani lako. Kwa aksioni yenye masafa ya gigahezi 1, jirani na masafa ya simu yako, kila mililita ya hewa ndani yake ina aksioni zaidi ya trilioni 70. Wingi huo haufanani tena na chembe moja moja. Ni wimbi.

Ndiyo maana kuitafuta ni kazi ya redio. Mwaka 1983 Pierre Sikivie alionyesha kwamba ndani ya sumaku yenye nguvu aksioni inaweza kugeuka fotoni, yaani chembe ya mwanga au ya redio. Kifaa cha ADMX huko Seattle kinafanya hivyo: mkebe wa chuma uliopozwa karibu na sifuri halisi, ndani ya sumaku kubwa, unapitishwa stesheni moja baada ya nyingine kama mzee anayetafuta habari za saa moja kwenye redio ya betri. Katika baadhi ya masafa tayari kimefikia ukali unaohitajika, na stesheni hizo zimefutwa. Nyota za nyutroni, mabaki mazito ya nyota zilizolipuka, pia zina sumaku kali kuliko chochote tunachoweza kutengeneza, na darubini za redio zinaweza kuzisikiliza. Hapo Mkenya ana mlango: darubini ya redio ya MeerKAT iko Karoo, Afrika Kusini, ambako pia inajengwa sehemu ya darubini kubwa zaidi ya SKA, na Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika washirika wa SKA.

Udhaifu wake uko kwenye kumbukumbu. Bembea ilianzia pembe gani? Kama pembe ilipangwa kabla ya ule mfumuko wa ghafla wa mwanzo kabisa, ulimwengu wetu wote una pembe moja ya bahati, na unaweza kuichagua ili uzito wowote upatane na 0.12. Uhuru huo unanisumbua. Kama ilipangwa baadaye, kila eneo lilikuwa na pembe yake, na katikati yake kukawa na nyuzi na kuta za nishati ambazo kompyuta kubwa za vikundi mbalimbali hazijakubaliana jinsi ya kuzihesabu. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye laptopu moja na umeme wa kubahatisha hukwama.

Wagombea wengine, kwa haraka

Nyutrino tasa, ambayo Scott Dodelson na Lawrence Widrow waliipendekeza mwaka 1994, inazaliwa kwa nyutrino za kawaida kujigeuza polepole. Ni jamaa wa karibu wa matone. Ingeoza na kutoa miale ya eksi, na miale hiyo imetafutwa hadi toleo lake rahisi limekosa pa kukaa. Naitaja zaidi kwa heshima ya nyumbani: setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksi ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru, na ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi yanang'aa kwa miale hiyo. Gesi ya moto inayoitoa miale hiyo leo ni moja ya mizani za kupimia maada ya giza.

Mashimo meusi ya awali, aliyoyajadili Stephen Hawking mwaka 1971, si chembe. Yaache kwa mradi mwingine.

Sasa uchague

Kama una muhula mmoja na unataka kumaliza, shika madeni. Mlinganyo ni mmoja tu: idadi inapungua kwa kutanuka, inapungua kwa kufutana, inaongezeka kwa kuzaliwa. Mistari mia hivi ya Python, lugha ya kuandikia programu, inautatua, na utajua umekosea au umepatia kwa sababu majibu yanajulikana.

Kama umri wako wote umekuwa ukifungua redio na kuzirudisha zikafanya kazi, na unafikiria shahada ya pili, nenda kwenye bembea. Usijaribu nyuzi na kuta. Chukua pembe moja, tatua mwendo wa bembea kwenye uji, kisha geuza macho kwenye nyota za nyutroni. Kama ningekuwa na miaka ishirini na miwili leo, hapo ndipo ningeweka kura yangu ya muda mrefu.

Matone peke yake sikushauri. Lakini kuna siri ambayo vitabu vingi huificha ndani ya viambatisho: mlinganyo wa matone na wa madeni ni ule ule. Anza na mtungi mtupu, weka mwingiliano mdogo kabisa, endesha programu, andika kiasi kilichobaki. Ongeza mwingiliano, endesha tena. Mwanzoni kiasi kinapanda, kwa kuwa uko kwenye matone. Kisha chembe zinafikia usawa, mtungi umejaa, kinaacha kupanda. Endelea kuongeza, nacho kinaanza kushuka: umeingia sokoni Gikomba, wadai wamekuwa wakali. Programu moja, hadithi mbili, na kati yake mahali ambapo ulimwengu unaanza kusahau ulikotoka.

Nilimweleza binti yule hivyo kwa simu Jumatatu. Alhamisi usiku akanitumia picha ya skrini. Grafu ilikuwa na umbo la mlima, mteremko mmoja wa upole na mwingine wa kasi, na kileleni bapa kidogo. Juu yake alikuwa amechora mstari mwekundu ulionyooka wa 0.12, ukiukata mlima mara mbili, kushoto mbali na kulia. Chini aliandika: "Mwalimu, ni mahali pawili tu. Nianze na mteremko upi?"

Nimemwambia aanze na wa kulia, ule wa madeni, kwa kuwa huo LZ inaweza kuufuta kabla hajahitimu.